Shahada ni Ushahidi, Haiuzwi

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa ilimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa sekondari yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale hukaa kikao cha jambo moja: kijana aende wapi, na fedha zitoke wapi. Wako wabakio papa hapa Pwani, na wako wapandao basi wakaenda bara. Na miongoni mwa hao waendao bara si wachache wafikao Thika na Ruiru. Wazee katika kikao hicho huuliza masuala mawili. La kwanza, ni shilingi ngapi? La pili, akimaliza atapata kazi gani? Masuala haya si mabaya, na mzazi asiyeyauliza hana busara. Lakini liko la tatu ambalo hatulisikii likiulizwa, nalo ndilo kubwa kuliko hayo mawili: chuo kile chamuona mtoto wetu kuwa nani? Ni mwanafunzi, au ni mnunuzi? Twataka kulitazama suala hili kwa insafu, kwa kuwa jawabu lake lagusa dini yetu na dunia yetu pamoja.

Twaanza na khabari za pahali penyewe. Thika ni mji ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Nairobi, na tangu zamani umejulikana kwa viwanda vyake na mashamba yake ya mananasi. Na Ruiru, iliyo njiani kabla ya kufika Thika, imejulikana kwa kahawa. Leo miji hii miwili imekuwa pia miji ya vyuo. Thika ndiko yaliko makao makuu ya Mount Kenya University, chuo kikuu cha watu binafsi kilichopata hati yake ya Serikali katika 2011, na huko huko kiko Gretsa University. Ruiru kiko Zetech University, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina tawi lake. Baina ya miji hiyo, pale Juja, kiko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza katika 1981 na kikawa chuo kikuu kamili katika 1994. Nasi Waislamu tuna fungu letu katika khabari hizi: Umma University, ambayo leo makao yake makuu yako Kajiado, asili yake ni chuo cha Sharia na masomo ya Kiislamu kilichoanzishwa Thika. Basi asiseme mtu kwamba Thika ni mbali nasi. Watoto wetu wako huko, na ilimu ya dini yetu pia imesomeshwa huko.

Vyuo hivi viliota haraka, na sababu yake yafaa ijulikane ili tusimlaumu asiyestahiki lawama. Kenya ilipopata uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa akisomeshwa, akilaliswa na akilishwa kwa mali ya Serikali. Katika 1974 ukaanza mpango wa mikopo. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, hazina ikiwa na dhiki na Benki ya Dunia ikishauri kupunguza matumizi, pakaja siasa ya kuchangia gharama, na mzigo ukaanza kuhamia mabegani mwa wazazi. Katika 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Katika 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia wenyewe, mbali na wale wa Serikali, na vyuo vingine vya umma vikafuata njia hiyo hiyo. Vyuo vikuu vya umma, ambavyo vilikuwa 7, vikafika 22 ilipofika 2013, na vya watu binafsi vikazidi navyo. Kisha mitihani ya sekondari ikatiwa ulinzi mkali kuzuia wizi, na katika mtihani wa 2017 watahiniwa 70,073 tu ndio waliopata alama za kuingia chuo kikuu. Vyuo vikawa vingi na wanafunzi wakawa haba, na chuo kimoja kikawa chashindana na chuo cha pili kama maduka mawili yaliyo katika mtaa mmoja.

Insafu yatulazimisha tuseme na upande wa pili. Vyuo vya kulipia viliwafungulia mlango watu wengi ambao Serikali iliwafungia. Kijana aliyekosa alama moja, mwalimu wa skuli ya msingi aliyetaka kujiendeleza, karani afanyaye kazi mchana na kusoma usiku, mama aliyekatizwa masomo kwa kuolewa, wote hawa walipata pahali pa kukaa wakasoma. Wamo Waislamu wengi katika hao. Na biashara kwa Muislamu si aibu. Mtume wetu alikuwa mfanyi biashara, na miji yetu ya Pwani imejengwa na wafanyi biashara. Kwa hivyo hatusemi kwamba aliyejenga chuo na akatoza karo amefanya haramu.

Hata maulamaa wetu wa kale walilijadili jambo hili. Mahanafi wa mwanzo walikataza mwalimu kuchukua ujira kwa kusomesha Kur'ani, na Mashafi na Mamaliki wakaruhusu. Kisha Mahanafi waliokuja baadaye wakaruhusu nao, na sababu waliyoitoa yafaa kuzingatiwa: hapo zamani walimu walikuwa wakipewa posho kutoka hazina ya Waislamu, na posho hizo zilipokatika walichelea kwamba, mwalimu asipolipwa, ataacha kusomesha akatafute riziki, na ilimu itapotea. Tazameni namna mambo yalivyofanana. Karne nyingi kabla ya Benki ya Dunia, wanazuoni walikwisha kuona kwamba hazina ya umma ikijitoa, karo huingia. Na waliruhusu kwa dharura ya kuihifadhi ilimu, hawakuruhusu ili ilimu igeuzwe njia ya utajiri.

Basi suala letu si kulipa. Suala letu ni: mtu anapolipa, alipa nini? Kuna ujira na kuna bei. Ujira ni malipo ya kazi ya mtu: mwalimu ametoa wakati wake na jasho lake, naye ana watoto wa kulisha. Bei ni badala ya kitu: nipe hiki, chukua hiki. Ukimlipa kadhi mshahara wake umelipa ujira. Ukimlipa ili akupe hukumu uitakayo, umelipa bei, na jina lake ni rushwa. Fedha ni zile zile, lakini la kwanza ni halali na la pili ni haramu, kwa kuwa hukumu si bidhaa.

Hapa ndipo twawaomba wasomaji wetu walitazame neno moja tunalolitumia kila siku bila ya kulifikiri. Karatasi anayopewa kijana akimaliza chuo kikuu twaiita shahada. Na shahada maana yake ni ushahidi. Chuo kinaposema fulani ana shahada ya uuguzi, kinasimama mbele ya watu na kushuhudia kwamba mtu huyu anajua kumuuguza mgonjwa. Kinaposema fulani ana shahada ya uhandisi, kinashuhudia kwamba nyumba atakayoisimamia haitawaangukia wenyewe. Mgonjwa hamjui muuguzi, na mpangaji hamjui mhandisi, wanaitegemea shahada. Na Waislamu tunajua daraja ya ushahidi wa uongo. Mtume wetu aliuhisabu katika madhambi makubwa kabisa, na imepokewa kwamba alipokuwa akiyataja alikuwa ameegemea, akakaa vizuri alipoufikia huo, akaukariri mpaka waliokuwapo wakatamani anyamaze.

Sasa na tuone namna soko liwezavyo kuuharibu ushahidi. Mwenye duka hamfukuzi mnunuzi. Mnunuzi akinung'unika, mwenye duka humbembeleza. Ikiwa mwanafunzi ni mnunuzi na karo yake ndiyo iendeshayo chuo, basi mwalimu atakayemwambia, hujajua, rudi ukasome, atakuwa amemtia hasara mwajiri wake. Na mwalimu mwenyewe ni nani siku hizi? Katika vyuo vingi vya nchi hii, vya umma na vya binafsi, walimu wengi ni vibarua wa kulipwa kwa somo, wasio na mkataba wa kudumu, na malipo yao mara nyingi huchelewa. Mtu kama huyu, akiwa na darasa la mamia ya wanafunzi na hajui muhula ujao kama ataitwa tena, atapata wapi nguvu ya kusema kweli? Hatumtuhumu mwalimu yeyote kwa jina wala chuo chochote kwa jina, na wako walimu wengi wenye kuogopa Mungu wanaosimama imara katika dhiki hiyo. Lakini twasema kwamba mpango unaoufanya ukweli kuwa ghali kwa mwalimu ni mpango mbaya, hata kama kila aliye ndani yake ni mtu mwema.

Pengine msomaji atasema: Dawa ya hayo ni kuzidisha ukali wa mitihani. Twajibu kwamba mtihani peke yake hautoshi, kwa sababu mtu aweza kujaza karatasi na asijue kitu. Alikuwako mwalimu mmoja wa Brazil, jina lake Paulo Freire, aliyezaliwa 1921 na kufa 1997. Katika 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenziwe waliwasomesha kusoma na kuandika wafanyakazi wapatao 300, kwa kuanzia na maneno ya kazi zao na maisha yao wenyewe, wakizungumza juu ya hali zao huku wakijifunza herufi. Mwaka uliofuata wanajeshi wakachukua serikali, wakamfunga, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Katika kitabu alichokiandika mwaka 1968 aliwalaumu walimu wanaomfanya mwanafunzi kama sanduku la benki: mwalimu huweka, mwanafunzi hupokea na kuhifadhi, na siku ya mtihani hutoa kile kile kilichowekwa. Alisema kwamba ilimu namna hii humzoeza mtu kunyamaza na kuikubali dunia kama alivyoikuta. Mtu huyu hakuwa Muislamu, wala hatumfuati katika kila alilolisema. Lakini neno la hekima Muislamu ana haki nalo popote alikutapo, na hili lafanana na yale tuliyo nayo sisi wenyewe.

Kumbukeni namna Jibrili alivyokuja mbele ya sahaba kwa sura ya mtu wa safari, akakaa akielekeana na Mtume, magoti kwa magoti, akauliza juu ya Uislamu, na Imani, na Ihsani, na Kiyama. Alipoondoka, Mtume aliwaambia sahaba kwamba huyo ni Jibrili, alikuja kuwafundisha dini yao. Zingatieni: aliyekuja kufundisha alikuja kwa kuuliza. Na katika vita vya Badri, imepokewa katika sira kwamba Hubab bin al-Mundhir alimuuliza Mtume juu ya pahali walipopiga kambi: Je, ni wahyi, au ni rai na hila za vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, alisema kwamba pahali pale si pazuri, na akaonyesha penye maji. Na Mtume akalifuata shauri lake. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliulizwa na hakukasirika, ni mwalimu gani wa leo aliye mkubwa hata asiulizwe?

Maimamu wetu walisoma kwa njia hiyo. Abu Hanifa alikuwa akilitupa suala mbele ya wanafunzi wake, wakajadiliana kwa muda mrefu, na wakubwa katika wao, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walimkhalifu katika mambo mengi. Na rai zao zimehifadhiwa katika vitabu vya madhhabu yale yale pamoja na rai za mwalimu wao. Imamu Shafi alisoma kwa Imamu Malik, akamheshimu mpaka kufa kwake, na alipofika daraja ya kupambanua akamkhalifu. Lau kukhalifu ni utovu wa adabu, sisi watu wa Pwani tusingalikuwa na madhhabu ya kufuata. Kwa hivyo chuo kinachomzoeza kijana kunakili, kuhifadhi na kutapika, hata kikiwa na majumba ya ghorofa kumi, kinapomshuhudia kuwa anajua kimeshuhudia lisilokuwa. Ajuaye ni yule awezaye kuuliza kwa nini, na akajibu anapoulizwa kwa nini.

Na kuuliza hakukomi mlangoni mwa darasa. Kijana aliyefundishwa kupima maneno atataka kupima na mambo ya chuo chake: kwa nini karo imepanda, kwa nini somo fulani limefutwa, kwa nini walimu hawakulipwa. Hapa soko lina jawabu moja tu: Usiporidhika, hama. Mnunuzi wa mchele aweza kuhama duka kesho asubuhi. Mwanafunzi aliyekwisha kulipa karo ya miaka mitatu hahami, kwa kuwa miaka hairudishwi. Mlango wa kuhama ukiwa umefungwa, haki yake ni mlango wa shuri: asikilizwe, na wawakilishi wake wakae pale maamuzi yakatwapo.

Lakini nini kilichotokea? Katika 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu, na kura ya moja kwa moja ambayo wanafunzi walikuwa wakiwachagulia viongozi wao ikaondolewa. Pahali pake wanafunzi wakapangwa katika mafungu, kila fungu lichague wajumbe wachache, na wajumbe hao ndio wachague viongozi. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo zote. Chaguzi zile zilikuwa na fujo, na ukabila, na fedha za wanasiasa wa nje. Lakini tuitazame dawa hii. Aliyekuwa akitaka kununua kura za maelfu, sasa atosheka na kununua wajumbe wachache. Kidonda kimefunikwa, hakikutibiwa. Na vijana waliofundishwa kwamba sauti yao haina uzito chuoni, wataipeleka wapi? Tuliwaona wakitoka barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, na miongoni mwao wako walioupoteza uhai wao. Mtoto asiyesikizwa akisema hupiga ukelele.

Watu hutuambia: Wanafunzi ni wachanga, watakosea. Ndiyo, watakosea. Tazameni vita vya Uhud. Mtume aliona afadhali kubaki ndani ya Madina, na vijana wengi, khasa wale waliokosa kuwapo Badri, wakataka kutoka. Akawafuata, akatoka. Waislamu wapatao 70 wakauawa siku ile, akiwamo Hamza, ami yake, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa. Baada ya msiba huo ndipo Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Aali Imran, alipomwamrisha awasamehe, na awaombee maghfira, na ashauriane nao katika mambo. Hakuambiwa kwamba, kwa kuwa walikosea, basi usiwatake shauri tena. Shuri iliamrishwa baada ya shuri kuleta hasara. Hii ni hoja kubwa, na sisi hatujaona jawabu lake.

Limebaki jambo la masikini. Katika Mei 2023 Serikali ilitangaza mpango mpya wa kuvigharimia vyuo vikuu. Kabla ya hapo mwanafunzi wa Serikali katika chuo cha umma alikuwa akitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Katika mpango mpya kila somo likapangiwa gharama yake, na wanafunzi wakagawanywa katika tabaka tano kwa kadiri ya uwezo wa jamaa zao. Tabaka ya chini ilipata msaada wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na jamaa wakalipa asilimia 5. Tabaka ya juu jamaa walilipa asilimia 40. Vyuo vya binafsi vikaachwa nje ya msaada huo, ijapokuwa tangu 2016 Serikali ilikuwa ikivipelekea wanafunzi na kuwalipia.

Kumgawia kila mtu kwa haja yake ni jambo zuri, na hata zaka ina mpango wake. Lakini haja ya mtu hujulikana kwa kumuuliza na kumsikiliza. Pale Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, ndicho kilichotoa mbegu ijulikanayo kwa jina la Ruiru 11 katika 1985. Kahawa hupangwa daraja kwa kupita katika matundu: punje kubwa huku, punje ndogo huku, kisha hupelekwa mnadani. Punje hainung'uniki. Wanafunzi walinung'unika, kwa kuwa wengi waliona wametiwa katika tabaka zisizo zao, watoto wa wachuuzi na mayatima wakahisabiwa pamoja na watoto wa matajiri. Katika Desemba 2024 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba mpango ule wakhalifu Katiba, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushauriwa ilivyopasa. Serikali ikakata rufaa. Tuone namna mambo yalivyofungamana: palipokosekana shuri, masikini ndiye aliyeumia kwanza.

Nasi Waislamu tuna sura nzima yenye fundisho hili. Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai watasilimu, akaja Ibn Ummi Maktum, mtu kipofu na masikini, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso. Ikashuka Sura ya Abasa kumlaumu kipenzi cha Mwenyezi Mungu kwa kumgeukia mwenye mali na kumwacha aliyekuja mbio kutafuta ilimu. Kama lawama hiyo ilimfikia yeye kwa kukunja uso tu, tena mbele ya mtu asiyeona, itakuwaje kwa umma unaomfungia mlango mtafuta ilimu siku ya mtihani kwa kuwa hana kadi, na hana kadi kwa kuwa hakumaliza karo? Imamu Shafi alikuwa yatima, na mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika kwamba mtoto yule awasimamie wenziwe anapokuwa hayupo, iwe ndiyo karo yake. Lau mwalimu yule angalimrudisha nyumbani, tungalikosa nini? Na Abu Yusuf alikuwa fukara, jamaa zake wakimtaka aende akafanye kazi. Abu Hanifa akamsaidia kwa mali yake mwenyewe mpaka akasoma, akaja akawa kadhi mkuu wa dola.

Sasa tujitazame wenyewe, kwa kuwa ni rahisi kuhesabu aibu za Thika na kuzisahau za mitaani kwetu. Sisi watu wa Pwani neno chuo twalijua kabla ya vyuo vikuu: chuo ni kitabu, na chuoni ni pahali mtoto alipoanzia alifu. Je, katika vyuo vyetu na madrasa zetu mtoto ana ruhusa ya kuuliza? Mara ngapi tumewasikia wakiambiwa, nyamaza, usiulize, utakufuru? Mtoto aliyefungwa mdomo kwa bakora akiwa na miaka saba, hatafunguka mdomo Ruiru akiwa na miaka ishirini. Na sisi wazazi, ni wangapi kati yetu wanaomuuliza kijana aliyerudi likizoni amejifunza nini? Twauliza atamaliza lini, na karatasi ataipata lini. Tukitaka karatasi tupu, soko litatuuzia karatasi tupu.

Ni nini basi lifaalo kufanywa? Twataja mambo matatu.

La kwanza ni wakfu. Madrasa kubwa za Waislamu, kama Nidhamiya ya Baghdad iliyofunguliwa 1067, na al-Azhar ya Misri, ziliendeshwa kwa mapato ya mali zilizowekwa wakfu, na mwanafunzi masikini akapata darsa na chakula. Hapa kwetu Chuo cha Ilimu cha Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kilifunguliwa 1951 kwa michango, akiwamo Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na jamaa wa Kibohora, ili vijana wa Kiislamu wasomeshwe ufundi. Nacho ndicho asili ya chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa cha leo. Basi twaweza. Nyumba moja ya kupangisha iliyowekwa wakfu kwa ajili ya karo za wanafunzi wetu walioko bara yafaa kuliko harambee kumi za dharura zinazofanywa mtoto akisha kuzuiliwa mtihani.

La pili, mzee anapompeleka mtoto chuo, awe Thika, Ruiru au Mombasa, aulize zaidi ya bei. Aulize: walimu wenu wangapi ni wa kudumu? Darasa moja lina wanafunzi wangapi? Wanafunzi huwachagua vipi viongozi wao, na viongozi hao hukaa katika baraza gani? Aliyefilisika katikati ya mwaka hufanyiwa nini? Chuo kikiulizwa hayo na wazazi mia, kitajua kwamba hayo ni mambo yanayotakwa. Ikiwa ni soko, basi na tulifundishe soko kuogopa masuala yetu.

La tatu, tuwape wanetu ruhusa ya kuuliza wangali wadogo. Katika kila darsa, mwalimu akimaliza kusoma, nusu ya wakati iwe ya masuala ya wanafunzi, na suala gumu lisihisabiwe ukafiri. Adabu na kuuliza haviko mbali. Jibrili alikaa kwa adabu, na aliuliza.

Enyi vijana mlioko huko bara, nanyi twawaambia neno. Msikubali kuitwa wanunuzi, hata kwa kubembelezwa. Mnunuzi ana haki ya kitu alichokilipia tu. Mwanafunzi ana haki ya ukweli, na haki ya kuuliza, na haki ya kushauriwa, na juu yake pia iko haki: asome kweli, asiibe mtihani, asinunue kazi iliyoandikwa na mwingine. Siku mtakapovaa majoho na kupewa shahada, jueni kwamba watu wamesimama kuwashuhudia. Fanyeni ushahidi huo uwe wa kweli, kwa kuwa yuko Shahidi aonaye kila kitu, na mbele yake hakuna karatasi inayosema.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na awafungulie milango watoto wa masikini, na atuongoze sote katika lile alipendalo na kuliridhia. Amin.